Podi hazijiongezi, na nilipoziongeza kwa mkono wateja bado walisubiri: nifuate kipimo gani?

mpanga_safari

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenichukua wiki mbili sasa, na ambalo nisingependa linikute tena mwezi wa Desemba.

Ninasimamia mfumo wa kuuza tiketi za mabasi ya mikoani. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua hali inavyokuwa kuanzia katikati ya Desemba, watu wa Moshi na Arusha wanapoanza kurudi nyumbani kwa sikukuu: tiketi ambazo siku za kawaida zingeuzwa kutwa nzima hugombewa ndani ya saa moja mara tu mauzo yanapofunguliwa. Mfumo wenyewe uko kwenye klasta ya Kubernetes (kundi la seva zinazoendesha programu zetu katika nakala ziitwazo podi) tuliyoiunda kwa `kubeadm` juu ya seva za kukodi, ikiwa na nodi moja ya uongozi na nodi nne za kazi, kila moja na kori 8 za prosesa na RAM ya GB 32. Zipo huduma mbili. Ya kwanza ni API ya tiketi, iliyoandikwa kwa Java juu ya Spring Boot, inayopokea maombi ya wateja. Ya pili ni huduma ya malipo, inayosoma uthibitisho wa malipo ya simu kutoka kwenye foleni ya RabbitMQ. Hifadhidata ni PostgreSQL, nayo iko nje ya klasta kwenye seva yake yenyewe. Prometheus ya kukusanya vipimo na Grafana ya kuvionyesha tulishaziweka zamani, na dashibodi zinapendeza kuzitazama, ingawa sina hakika kama zinanisaidia.

Jambo la kwanza linalonitatiza ni kwamba nimeweka HPA (kiongezaji na kipunguzaji podi cha Kubernetes) kwenye API, podi 3 hadi 20, lengo likiwa asilimia 70 ya prosesa, lakini `kubectl get hpa` haijawahi kunionyesha chochote isipokuwa `<unknown>/70%`. Nikiandika `kubectl top nodes` ninajibiwa kwamba Metrics API haipatikani. Podi ya metrics-server, ambayo ndiyo huipa HPA vipimo vya prosesa, inaonekana inafanya kazi lakini haifikii hali ya kuwa tayari, na logi zake zinalalamikia cheti: `x509: cannot validate certificate`, kwa sababu cheti cha nodi hakina anwani ya IP ndani yake. Mwenzangu kazini anashauri niongeze `--kubelet-insecure-tls` yaishe, lakini neno hilo `insecure` linaninyima usingizi.

Pili, ikiwa Prometheus tayari inakusanya matumizi ya prosesa ya kila kontena, kwa nini HPA isiyasome huko huko? Kuwa na wapimaji wawili wa kitu kimoja kunanishangaza.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Desemba iliyopita, kwa kuwa HPA ilikuwa imelala, tuliongeza podi za API kwa mkono kutoka 3 hadi 8. Grafana ilionyesha kwamba kila podi inatumia asilimia 35 tu ya prosesa, ilhali wateja walisubiri sekunde 20 na zaidi, na wengi walikata tamaa. Maana yake ni kwamba hata HPA ingekuwa nzima, isingeongeza podi hata moja, kwa kuwa 35 haijafika 70. Je, nishushe lengo, au kipo kipimo kingine ninachopaswa kukifuata?

fundi_klasta

Ndugu mleta mada, nitajibu mawili ya mwanzo. La tatu ninawaachia wenye uzoefu wa mifumo ya mauzo.

Kuhusu cheti, wasiwasi wako una msingi. Kwenye klasta ya `kubeadm`, kila kubelet, yaani wakala wa Kubernetes kwenye nodi, hujitengenezea cheti chake na kujisainia, na metrics-server inapoipigia hodi kwenye mlango wa 10250 inakataa kukiamini. Kigezo alichokutajia mwenzako kinaiambia metrics-server isikague cheti kabisa. Kwa klasta ya mazoezi kwenye kompyuta yako hakuna ubaya, lakini mahali panapopita fedha za watu ningefanya kazi kamili, ambayo kwa nodi tano haimalizi hata nusu saa. Weka `serverTLSBootstrap: true` kwenye usanidi wa kubelet, ndani ya ConfigMap ya `kubelet-config` na pia kwenye `/var/lib/kubelet/config.yaml` ya kila nodi, kisha uanzishe kubelet upya. Kila nodi itatuma ombi la cheti kwa mamlaka ya vyeti ya klasta. Yatazame maombi hayo kwa `kubectl get csr`, hakikisha kwamba kila moja limetoka kwenye nodi yako kweli, halafu yaidhinishe kwa `kubectl certificate approve`. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huisahau, kwa sababu Kubernetes haiidhinishi yenyewe vyeti vya aina hii. Ikishatulia, `kubectl get apiservice v1beta1.metrics.k8s.io` inapaswa kuonyesha `True`. Isipoonyesha, kagua ukuta wa moto kati ya nodi ya uongozi na podi ya metrics-server kabla ya kuanza kuvunja mengine.

Usishangae ikiwa `<unknown>` itabaki hata baada ya hapo. HPA haijui "asilimia 70 ya prosesa ya nodi". Inajua asilimia ya kiasi ulichokiomba kwenye `resources.requests.cpu`. Podi iliyoomba `200m` ikatumia `300m` imefikia asilimia 150, hata kama nodi yenyewe inasinzia. Podi ambayo haikuomba chochote haina asilimia, kwa kuwa hakuna cha kugawanyia. Tena inatosha kontena moja tu ndani ya podi kukosa ombi hilo ili hesabu ya podi nzima ikwame, na mara nyingi mkosaji ni kakontena kadogo ka pembeni ka kusafirisha logi, ambako hakuna anayekakumbuka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na inafaa uwe nayo kichwani: idadi ya podi zilizopo huzidishwa kwa kipimo cha sasa, hugawanywa kwa lengo, na jibu hupandishwa hadi namba nzima. Podi 4 zenye wastani wa asilimia 105 kwa lengo la 70 zinakuwa 6. HPA hurudia hesabu hii kila sekunde 15, na tofauti isiyozidi asilimia 10 ya lengo huiacha ipite, yaani kwako kati ya 63 na 77 haitagusa kitu.

Swali la pili. Metrics-server na Prometheus hazifanyi kazi moja, japo zinagusa namba zinazofanana. Metrics-server huuliza kila nodi matumizi ya prosesa na RAM, kwa kawaida kila sekunde 15, huweka jibu la karibuni tu kwenye RAM yake, na kulitoa kupitia `metrics.k8s.io`. Haina historia, na walioiandika wenyewe wanasema wazi kwamba isitumiwe kwa ufuatiliaji. Prometheus huhifadhi historia, siku 15 usipobadilisha, lakini HPA haijui lugha yake. Anahitajika mkalimani katikati, yaani prometheus-adapter au KEDA, atakayetoa namba hizo kupitia `custom.metrics.k8s.io` au `external.metrics.k8s.io`. Inawezekana adapter ikashika hata nafasi ya metrics-server, ila mimi siishauri: siku Prometheus ikianguka kwa kujaa diski, hutaki na HPA ya prosesa ianguke pamoja nayo.

Jambo dogo la pembeni: mifano mingi mtandaoni bado imeandikwa kwa `autoscaling/v2beta2`, ambayo iliondolewa katika toleo la 1.26. Tumia `autoscaling/v2`.

kijana_wa_helm

Kwa swali la tatu sioni ugumu, mkuu. Shusha lengo hadi asilimia 25, pandisha kikomo hadi podi 40, na mambo yatakwenda. Seva unazo, na podi hazina gharama.

BintiSeva

Ninamheshimu aliyetangulia, lakini ushauri huo ningeupima kwanza kwenye mazingira ya majaribio, kwa sababu unatibu namba na kuuacha ugonjwa. Prosesa ikiwa asilimia 35 huku mteja akisubiri sekunde 20, maana yake ni kwamba podi haifanyi kazi nyingi, podi *inasubiri*. Inaweza kuwa inasubiri hifadhidata, au mtandao wa malipo, au kufuli ndani ya programu yenyewe. Ziko namna mbili za kusubiri, na kuongeza podi husaidia katika moja tu kati yake.

Iwapo kinachosubiriwa kina nafasi ya kupokea zaidi, kipimo kizuri kwa API ni idadi ya maombi yaliyo mkononi mwa kila podi kwa wakati mmoja, au idadi ya maombi kwa sekunde kwa kila podi. Vipimo hivi hupungua kadiri podi zinavyoongezeka, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kipimo cha kufuatwa na HPA: ukiongeza podi mara mbili, kinapaswa kushuka kwa karibu nusu. Muda wa kujibu hauna sifa hiyo. Watu wengi hupenda kuifanya HPA ifuate muda wa kujibu kwa sababu ndicho kinachomgusa mteja, na kwenye dashibodi na kwenye tahadhari ninakubaliana nao kabisa. Lakini ikiwa ucheleweshaji unatoka kwenye hifadhidata, HPA itaongeza podi, podi zitaongeza mzigo kwenye hifadhidata, muda wa kujibu utazidi kupanda, na HPA itaongeza podi tena hadi igonge kikomo. Nimekesha usiku mmoja nikiutazama mduara huo.

Ukichukua maombi kwa sekunde kutoka Prometheus, angalia dirisha la `rate`, yaani kipindi kinachotumika kukokotoa wastani. Prometheus inayokusanya kila sekunde 30 haiwezi kukupa kitu cha kuaminika kwenye dirisha la sekunde 30, kwa sababu inahitaji walau sampuli mbili ndani yake. Dirisha la dakika mbili ni la busara. Dirisha likiwa la dakika kumi, HPA yako itakuwa inaongozwa na habari za jana.

Huduma ya malipo ndiyo rahisi kuliko zote, nami ningeianza hiyo. Weka KEDA, ipe jina la foleni ya RabbitMQ, aina ya `QueueLength`, na thamani ya ujumbe 50 kwa kila podi. Foleni ikifika ujumbe 900, utapata podi 18, ilimradi umeruhusu kikomo hicho. Mambo mawili tu ya kuangalia: KEDA hutengeneza HPA yake yenyewe, kwa hiyo usiache HPA nyingine ya zamani ikishika Deployment (maelezo ya podi za huduma) ile ile, zitavutana; na KEDA ina uwezo wa kushusha podi hadi sifuri, jambo ambalo kwa malipo sikushauri, weka `minReplicaCount` iwe 1 au 2.

Kwa kuwa umesema hujui kama dashibodi zinakusaidia, ninaomba uangalie pia lebo za metriki zenu. Kwenye mifumo ya malipo nimewahi kukuta metriki yenye lebo ya namba ya simu ya mteja. Kila namba mpya ni mfuatano mpya wa data, na Prometheus hubeba mifuatano hai kwenye RAM. Wateja laki mbili ni mifuatano laki mbili kwa metriki moja. Acha kwamba ni taarifa binafsi za watu ambazo hazina kazi yoyote humo. Njia ya API, aina ya jibu, jina la huduma: hizo ni lebo. Namba ya simu na namba ya tiketi ni mambo ya kwenye logi, nako kwa uangalifu.

mpanga_safari

Ninawashukuru sana. Nimefanya kazi kwa siku tatu na ninarudi na habari njema moja na mbaya moja.

Vyeti vimekwisha kama fundi_klasta alivyoelekeza, na kweli kulikuwa na kontena la kusafirisha logi lisilo na ombi la prosesa. Sasa HPA inaonyesha namba. KEDA imeshika huduma ya malipo na inatulia vizuri.

Habari mbaya: kwenye mazingira ya majaribio nilitengeneza mzigo unaofanana na ule wa Desemba, na kwa udadisi nikajaribu kwanza ushauri wa kijana_wa_helm wa asilimia 25. HPA ilipanda kutoka podi 3 hadi 7, kisha 12, ndani ya muda mfupi. Kwa dakika moja nilifurahi. Kisha PostgreSQL ikaanza kukataa: `FATAL: sorry, too many clients already`. Podi mpya hazikuweza kuwa tayari, za zamani zikaanza kushindwa, na hali ikawa mbaya kuliko ilivyokuwa na podi 3. Nikibadilisha kipimo kuwa maombi kwa sekunde, matokeo ni yale yale, ila yanachelewa kidogo.

mkongwe_wa_zamu

Nimekuwa nikisoma kimya. Kijana_wa_helm asijisikie vibaya, sote tumepitia hapo, na jaribio lake ndilo lililotoboa jipu.

Tuanze na hesabu ya miunganisho, kwa sababu hiyo haina ubishi. PostgreSQL usipoigusa huruhusu miunganisho 100, na 3 kati yake imetengwa kwa msimamizi mkuu, hivyo inabaki 97. Spring Boot hutumia HikariCP, ambayo usipoigusa hufungua miunganisho 10 kwa kila podi na kuishikilia hata kama haina kazi nayo. Podi 9 ni miunganisho 90. Podi ya 10 haiingii, bila hata kuhesabu huduma ya malipo. Kwa hiyo kikomo chako cha podi 20 hakikuwahi kuwa kikomo halisi. Kikomo halisi kilikuwa 9, na hakuna aliyekuwa amekiandika popote. Angalia pia kwamba unaposambaza toleo jipya, Deployment kwa kawaida huruhusu ziada ya robo, ikipandishwa hadi namba nzima: podi 9 zinaweza kuwa 12 kwa dakika chache. Wengi huanguka siku ya kusambaza toleo wakadhani toleo ndilo bovu.

Unaweza kupandisha `max_connections`, unaweza kuweka PgBouncer, ya kugawana miunganisho, mbele ya hifadhidata, na huenda ukafanya yote mawili. Lakini usifanye bado. Utakuwa umeongeza watu kwenye foleni bila kujua foleni inaelekea wapi.

Wenye umri wangu mnakumbuka tiketi zilivyokuwa zikikatwa Ubungo: wakala angeweza kuwa na madirisha matano na vijana kumi wa kuita abiria, lakini daftari la viti vya basi lilikuwa moja. Ukiongeza dirisha la sita, unaongeza mtu mwingine wa kusubiri daftari. Ninashuku kwamba mfumo wako una daftari mahali fulani. Rudia mzigo ule ule kwa podi 8, kisha utuletee mambo mawili: `hikaricp_connections_pending` kutoka Prometheus, yaani nyuzi ngapi ndani ya programu zinasubiri kupewa muunganisho, na hesabu ya `wait_event_type` kutoka `pg_stat_activity` wakati mzigo umepamba moto.

mpanga_safari

Mkongwe, nimekaa chini baada ya kuona majibu. Kwa podi 8 nina miunganisho 80. Kati ya hiyo, 71 ilikuwa na `wait_event_type` ya `Lock`. Zilizokuwa zikisubiri kupewa muunganisho kwenye programu zilikuwa mamia. Prosesa ya hifadhidata yenyewe ilikuwa chini ya asilimia 20.

Nimeifuata hadi kwenye msimbo. Mteja anapochagua kiti, programu inafunga safu ya basi zima kwa `SELECT ... FOR UPDATE`, ambalo peke yake lingevumilika. Lakini ikiwa bado imeshikilia kufuli hilo, inatuma ombi la malipo kwenye mtandao wa simu na kusubiri mteja aingize namba yake ya siri. Mteja mmoja akiwa anatafuta miwani, basi zima la Arusha limesimama.

BintiSeva

Hiyo ndiyo ile namna ya pili ya kusubiri niliyoitaja. Kwa kufuli la namna hiyo hakuna kipimo chochote duniani ambacho HPA ingekifuata ikakuokoa.

mkongwe_wa_zamu

Sasa njia iko wazi. Gawanya muamala mara mbili. Kwanza shika kiti kimoja, si basi zima, kwa kuandika kwamba kimewekwa akiba hadi muda fulani, tuseme dakika 10, kisha funga muamala na uachie kufuli. Hiyo ni kazi ya milisekunde chache. Halafu tuma ombi la malipo nje ya muamala. Uthibitisho ukija kupitia foleni, huduma ya malipo inageuza akiba kuwa tiketi. Usipokuja, akiba inaisha muda na kiti kinarudi sokoni. Fikiria mapema kuhusu malipo yanayofika baada ya akiba kwisha, kwa sababu yatakuja, na mteja wa namna hiyo hupiga simu akiwa amekasirika kwa haki.

Ukishamaliza, rudia jaribio ukiwa na HPA ya asilimia 70 kama ulivyoanza nayo. Usibadilishe kingine.

mpanga_safari

Imechukua wiki moja na nusu pamoja na majaribio ya malipo yaliyochelewa, ambayo kweli ndiyo yaliyotula muda mwingi kuliko yote.

Kwa mzigo ule ule, podi 3 zilipanda hadi asilimia 85 za prosesa, HPA ikaongeza ya nne, na mambo yakatulia. Muda wa kujibu uko chini ya nusu sekunde. Nilipoongeza mzigo mara mbili, HPA ilifika podi 8 bila manung'uniko kutoka kwenye hifadhidata. Nimeweka kikomo kuwa podi 9, nimepunguza HikariCP kuwa miunganisho 7 kwa podi ili hata podi 12 za wakati wa kusambaza toleo zisizidi 84, na huduma ya malipo nimeihesabu pia, ikiwa na kikomo chake cha podi 6 zenye miunganisho 2. Jumla haivuki 96. Ile prosesa niliyokuwa ninaitukana ndiyo iliyobaki kuwa kipimo cha API.

Limebaki moja. Mauzo ya siku za sikukuu hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi kamili, na watu huingia wote kwa pamoja. Katika jaribio la mzigo wa ghafla, podi mpya zilichukua karibu dakika mbili kuwa tayari, na dakika hizo mbili ndizo zenye watu wengi zaidi.

mkongwe_wa_zamu

Hesabu dakika zako mbili zinakwenda wapi. Metrics-server hadi sekunde 15, HPA hadi sekunde 15 nyingine, kupangiwa nodi, kuvuta picha ya kontena ikiwa nodi haina, na Java kuamka. Unaweza kubana hapa na pale, kwa mfano kuhakikisha picha ipo tayari kwenye nodi zote nne, lakini hutaifanya HPA itabiri. Nayo haina haja ya kutabiri ikiwa saa inajulikana. KEDA ina kichochezi cha `cron`: kiambie kwamba kuanzia saa 05:45 hadi 08:00 kwa saa za `Africa/Dar_es_Salaam` podi zisipungue 8, na ukiweke pamoja na kichochezi cha prosesa, KEDA itachukua namba iliyo kubwa kati ya viwili. Andika saa hizo kwa mtindo wa saa 24, nisije nikasikia podi zimeamka saa tano na dakika arobaini na tano za Kiswahili, wakati mabasi yameshapita Chalinze.

Kwenye kushuka, usiwe na haraka. HPA kwa kawaida husubiri sekunde 300 kabla ya kupunguza, na kwa mauzo yanayokuja kwa mawimbi ningeuacha muda huo au hata kuuongeza kwenye `behavior.scaleDown`. Ondoa pia mstari wa `replicas` kwenye faili la Deployment, la sivyo kila mkitumia `kubectl apply` mtaishusha API hadi 3 katikati ya mauzo.

Nodi zako ni nne na hazijiongezi, kwa kuwa Cluster Autoscaler inahitaji mtoa huduma ambaye inaweza kumwagiza seva mpya. Piga hesabu kwamba podi zote za kikomo zinaenea hata nodi moja ikizimika. Zisipoenea, zitakaa `Pending` na HPA itadhani imemaliza kazi yake.

BintiSeva

Na tahadhari mbili kwenye Prometheus, kwa kuwa kube-state-metrics hukupa namba hizo bure. Moja ilie `kube_horizontalpodautoscaler_status_current_replicas` ikikaa sawa na `kube_horizontalpodautoscaler_spec_max_replicas` kwa dakika 15, maana hapo HPA haina tena la kufanya na inabaki zamu ya binadamu. Ya pili ilie hali ya `ScalingActive` ikiwa si kweli, ambayo ndiyo ile `<unknown>` uliyoishi nayo Desemba nzima bila mtu kuamshwa.

fundi_klasta

Ninaongeza langu dogo kabla mada haijafungwa. Vile vyeti ulivyoviidhinisha mwezi huu vina uhai wa mwaka mmoja. Kubelet itaomba vipya yenyewe, lakini maombi hayo nayo yatasubiri kuidhinishwa, na yasipoidhinishwa metrics-server itakataa tena, HPA itarudi kwenye `<unknown>`. Ama weka kidhibiti cha kuidhinisha vyeti vya nodi zinazotambulika, ama weka tahadhari kwa CSR (ombi la cheti) inayokaa zaidi ya saa moja bila jibu. Ukihesabu miezi kuanzia leo, utaona inaangukia lini.

mpanga_safari

Novemba, wiki ya mwisho. Ninaiweka tahadhari leo hii.